Mrejesho: kundi la mbabe wa vita linalofifia katika riwaya yangu

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza jinsi ya kuonyesha kundi la mbabe wa vita likidhoofika katika nchi ya kubuni iliyosambaratika, bila kulimaliza kwa pigano moja kubwa. Mmoja wenu akaniambia niache mizinga, nitazame LRA, kundi la waasi la Joseph Kony lililoanzia kaskazini mwa Uganda, lilivyopungua. Nami niko Gulu, huko huko kaskazini!

Nimeufuata ushauri huo. Kwanza, jirani aliyewapa silaha anapatana na mahasimu wake, na kundi linahama, kama LRA, waliokuwa wakipewa silaha na Sudan, walivyohamia hifadhi ya Garamba, Kongo, baada ya Sudan kutia saini mkataba wa amani na waasi wake wa kusini mwaka 2005. Halafu redio. Uganda tulikuwa na Sheria ya Msamaha ya 2000, iliyowasamehe waasi waliojisalimisha, na vipindi vya Mega FM, redio ya hapa Gulu, ambamo waliorejea waliwaita wenzao watoke porini. Sura hiyo ndiyo iliyokubalika zaidi: kamanda anapiga marufuku redio, na walinzi wake mwenyewe wanasikiliza usiku chini ya turubai.

Pembe za ndovu, ambazo LRA walikuwa wakiziuza, hazikunisaidia. Kila nikiziingiza, kundi linapata fedha na kunenepa tena, nikabakiza biashara ndogo tu ya kubadilisha pembe kwa chakula na risasi.

Waliotaka kiongozi auawe, mnisamehe, nimekataa. Kony aliponea operesheni ya kijeshi ya Desemba 2008 dhidi ya LRA, na Uganda ilipositisha msako mwaka 2017 alikuwa bado huru. Wangu nimemwacha hai na wafuasi wachache. Wanaonisomea rasimu bado wanabishana.