Damu ya Mama Nasra na laki mbili za mwezi

*Jumatano usiku, kikundi cha familia*

Mama Nasra: Shikamooni wakubwa wote humu, wadogo mambo zenu. Jamani naomba mnisaidie mawazo. Leo nimetoka kliniki wamenipima damu imekuja 9.8, nesi anasema kwa mjamzito inatakiwa ianzie 11, kanipa vidonge na kaniambia nibadilishe na chakula. Nikaingia mtandaoni nikakuta orodha ya vyakula asilia vya kujaza jikoni nikaenda nayo supamaketi, yani vitu tisa tu vimekuja 187,000 na mimi bajeti yangu ya chakula cha mwezi mzima watu wanne ni laki mbili. Nimeviacha pale kaunta nikatoka, nimefika home nimekaa nalia tu

Shangazi Muheza: Marahaba mwanangu, pole sana, usilie unamliza na mtoto. Hiyo orodha ina vitu gani?

Mama Nasra: Kinoa, mbegu za chia, maziwa ya lozi, siagi ya lozi, mafuta ya zeituni, unga wa nazi, chumvi ya pinki, vingine hata majina sijayashika

Shangazi Muheza: Unga wa nazi! Na nazi ninazo uani hapa mpaka nagawa

Kaka Idi: Pole dada. Hela hiyo ukija nayo kwangu Tandale unarudi na bajaji imejaa

Dada Zuwena: Nimetoka zamu sa hivi ndo naona. Mama Nasra pole mdogo wangu, 9.8 si ya kuchekea lakini inapanda, wangapi nimewaona wodini imepanda. Kwanza VIDONGE UNYWE kila siku usije ukasema unakula vizuri basi unaacha, chakula peke yake hakitoshi hapo ulipofika. Ila nesi wako kasema kweli, chakula kibadilike, na hakibadilishwi na kinoa. Maharage, choroko, kunde, dagaa, mboga za majani, ulezi, ndo vyakula vyenyewe hivyo na vyote vipo hapo Dar. Hiyo chumvi ya pinki mimi ndo imeniuma zaidi, maana nyingi haziwekwi madini joto na wewe una mimba, mtoto anayahitaji hayo madini kwa ajili ya ubongo. Nunua chumvi ya kawaida ya pakiti iliyoandikwa ina madini joto, iweke kwenye kopo lenye mfuniko isikae wazi karibu na moto, na kwenye mboga itie mwishoni ukikaribia kuepua

Mama Nasra: Aah mi nilijua ya pinki ndo asilia zaidi

Dada Zuwena: Wengi wanajua hivo. Swali lingine, chai unakunywa saa ngapi?

Mama Nasra: Chai ya rangi nakunywa na chakula, mchana na usiku, nimezoea

Dada Zuwena: Hapo napo pa kurekebisha. Majani ya chai yanazuia madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga, hayo ndo yanatengeneza damu, yasiingie mwilini, unakula maharage mazuri halafu unayafungia mlango. Chai isogeze, kula kwanza, ikipita saa moja hivi au zaidi ndo unywe. Na vidonge usinywee chai wala maziwa. Badala yake kamulia ndimu kwenye maharage au kula chungwa hapo hapo na chakula, hiyo inafungua mlango

Shangazi Muheza: Machungwa mengi sana huku. Jumamosi natuma kiroba kwa basi mkapokee stendi ya Mbezi. Na nazi naweka

Mama Nasra: Jamani shangazi 😭 ahsante sana

Mjomba Salum: Mimi nasema kuweka chakula kingi ndani ni hasara. Kikiwepo kinaliwa. Wageni wakija wanakuta debe, unapika mara mbili. Bora kununua cha siku

Kaka Idi: Mjomba kwa heshima zote hapo sikubaliani na wewe, mimi niko sokoni miaka mingi naona. Mtu wa cha siku anachukua maharage robo dukani, mafuta ya kupima kale kakopo, unga kilo, kila mara anamlipia mwenye duka faida yake na mwenye duka naye kanunua kwetu. Ukipiga hesabu ya mwezi kalipa zaidi, na bado kala hovyo maana jioni akichoka anachukua chips

Mjomba Salum: Hilo la chips kweli

Kaka Idi: Mama Nasra nimekupigia hesabu kwa bei ya leo hapa gengeni kwangu na jirani zangu. Maharage kilo 5 elfu 15. Choroko kilo 3 ni 8,400. Mahindi kilo 20 ya dona elfu 18 na kusaga weka elfu 2. Ulezi kilo 2 elfu 5. Karanga kilo 2 elfu 8. Mchele kilo 10 elfu 25. Dagaa wa Mwanza kilo moja elfu 12. Alizeti lita 5 elfu 30. Jumla 123,400. Kwenye laki mbili yako inabaki 76,600, gawa kwa siku 30 una elfu mbili na mia tano na ushee kila siku ya mboga, nyanya, kitunguu na ndizi

Mama Nasra: Subiri nisome tena. Yani na mchele umo??

Kaka Idi: Umo

Mama Nasra: Baba Nasra dona hali lakini. Anasema inakwaruza

Shangazi Muheza: Changanya nusu kwa nusu na sembe, kila mwezi punguza sembe. Baba yenu nilimfanyia hivyo hivyo hakujua mpaka nilipomwambia

Dada Zuwena: Ila dona nayo ina sharti lake wandugu naomba hili mlisome wote. Mahindi ya dona lazima yachaguliwe moja moja kwenye ungo. Ukikoboa sembe, sumukuvu (sumu inayotokana na ukungu) nyingi inaondoka na pumba, ila dona unakula punje nzima na kila kilichomo. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu, familia nzima nzima ziliugua, walikula mahindi ya nyumbani kwao tu. Na haifi kwa kuchemsha wala kukaanga. Kwa hiyo punje yenye ukungu, iliyobadilika rangi, iliyosinyaa, iliyobunguliwa, toa tupa, na usiwape kuku. Karanga ndo kabisa. Mimi zile zilizosinyaa na zenye weusi naziondoa hata zikibaki nusu ya ungo, roho inauma lakini natupa

Dada Mwanaidi Mbagala: Da Zuwena hilo la karanga ni kweli tupu, mwezi uliopita nimenunua duka moja huku karanga zilizosagwa tayari kwenye kopo, nimefungua harufu kama ya godoro lililoloa, nimerudisha mwenye duka akakataa akasema karanga ndo zilivyo. Nikamwaga. Tangu siku hiyo nanunua nzima nasaga mwenyewe kidogo kidogo

Dada Zuwena: Ulifanya vizuri sana kumwaga

Kaka Idi: Mimi nawapa kitu kimoja cha kupima mahindi kama yamekauka, chukua chupa ya kioo kavu, tia chumvi kavu kidogo na kiganja cha mahindi, tikisa dakika kadhaa halafu acha yatulie. Chumvi ikinata kwenye kioo mahindi bado mabichi usiyaweke ndani, ikianguka yote chini chukua. Mteja akinifanyia hivyo sichukii, najua anajua. Maharage ng'ata moja, na angalia rangi, yale yaliyofifia ya msimu wa juzi utachemsha mpaka gesi iishe. Na dai mizani, usikubali kisado

Dada Mwanaidi Mbagala: Sawa haya yote mazuri ila mimi niseme ukweli wangu, mi nauza vitumbua hela yangu ni ya siku, laki na ishirini ya mkupuo ntaitoa wapi? Nikiipata hiyo inaenda kwenye kodi. Msinielewe vibaya, natamani, ila kila nikisikia nunua jumla nunua jumla naona kama naambiwa mwenye hela ndo ale vizuri

*(dakika kumi kimya)*

Shangazi Muheza: Mwanaidi umesema neno la maana

Mama Nasra: Da Mwanaidi hata mi nilikuwa nafikiria. Je tukichanga? Wewe, mimi na wifi Tabata. Tunanunua pamoja tunagawana kwa kilo

Wifi Tabata: Mi nipo 🙌

Kaka Idi: Hapo mtanifurahisha. Mkichukua maharage gunia la kilo 100 nawapa bei ya gunia si ya kilo, mnagawana mnakaa nayo miezi. Ila ya miezi muweke vizuri, mfuko wa PICS mnunue mmoja, ule una nailoni mbili ndani na kiroba nje, unafunga kila nailoni peke yake kwa kamba, wadudu wanakosa pumzi wanakufa huhitaji dawa. Muhimu usifungue fungue. Toa ya mwezi mzima weka kwenye ndoo, funga tena

Dada Mwanaidi Mbagala: Mi naweza kutoa elfu 2 kila siku nikimaliza kuuza, nikamtumia Mama Nasra kwenye simu. Siku 30 ni elfu 60

Mama Nasra: Nitaandika kwenye daftari dada kila shilingi. Na mwezi huu wa kwanza mi natanguliza sehemu yako unarudisha hivyo hivyo kidogo kidogo

Dada Mwanaidi Mbagala: Mungu akubariki mdogo wangu. Kweli nimefurahi

Mjomba Salum: Basi na mimi niwekeni. Ndoo msichukue zile zilizokuwa na rangi ya ukuta, nawajua

Shangazi Muheza: Kaka umeingia mwenyewe

Mama Nasra: Da Zuwena maharage yananipa gesi tumboni na mtungi nao unaisha, jirani kanambia nitie magadi yaive haraka

Dada Zuwena: Magadi acha, yanalainisha kweli lakini yanaua vitamini, na yana chumvichumvi nyingi na Baba Nasra ana presha. Loweka usiku ukienda kulala, asubuhi mwaga yale maji, weka mapya chemsha yatokote vizuri mpaka laini kabisa. Kulowekwa tu kunapunguza muda wa moto na tumbo halijai sana. Mimi nachemsha nusu kilo mara moja, nagawa vibakuli vitatu naweka friji, leo naunga na nazi, kesho na kitunguu na nyanya, siku ya tatu nafanya na dagaa. Choroko hata kulowekwa si lazima

Wifi Tabata: Dagaa wangu huwa wana mchanga mpaka watoto wanawakataa

Kaka Idi: Hao wameanikwa chini kwenye mchanga ziwani. Uliza wa chanja, bei imezidi kidogo ila hutupi kitu. Kabla ya kununua omba maji kwenye bakuli, tumbukiza wachache, kisha tazama chini ya bakuli. Mzuri anang'aa kama fedha na mgumu, akiwa njano na laini mwache

Dada Zuwena: Na mle mzima na mifupa yake, usitoe vichwa ukatupa kila kitu, ile mifupa ni kalsiamu. Watoto wakikataa kaanga kavu twanga, nyunyizia kwenye mboga

Shangazi Muheza: Bibi yenu yuko hapa pembeni anasema nimwandikie. Anasema hivi: hela ya mboga ya nini, matembele hayanunuliwi. Mama Nasra una viroba vya unga vilivyoisha?

Mama Nasra: Shikamoo Bibi! Vipo vinne hivi nyuma ya mlango

Shangazi Muheza: Anasema marahaba mjukuu wangu. Anasema viroba hivyo toboa chini, jaza udongo na samadi kidogo, kwenye machungwa nitafunga na vishina vya matembele urefu wa shubiri, chomeka vifundo viwili ndani ya udongo, mwagilia jioni. Wiki ya nne hivi unaanza kuchuma. Usichume ncha zote. Na anasema ukipika usiyachemshe ukamwaga maji, yaweke na nyanya na nazi kidogo, dakika chache tu epua yakiwa kijani

Dada Zuwena: Bibi kamaliza 🙏 na hayo matembele yakiwa na mafuta kidogo ya alizeti au nazi ndo mwili unachukua vitamini A yake

Mama Nasra: Basi Jumamosi saa 12 asubuhi nakutana na Da Mwanaidi na wifi Tandale kwa Kaka Idi, halafu napitia Mbezi kuchukua mzigo wa shangazi. Chai ya rangi usiku huu nimemwaga, nimekula chungwa

Kaka Idi: Njoeni na ungo wenu. Na chupa ya kioo

Dada Mwanaidi Mbagala: Elfu 2 ya leo nimetuma, angalia simu

Mama Nasra: Imeingia dada. Nimeandika