Bosi kaniandikia "we'll have to let you go": ni ruhusa au kuna jambo?

Ndugu_Mpole: Wakuu, habari za jioni. Kiingereza nakielewa, sio mbumbumbu. Niliomba ruhusa kwa bosi wangu, Mwingereza, niende harusi ya mdogo wangu. Kajibu "we'll have to let you go". Let ni ruhusu, go ni nenda. Sasa nimemtumia wife aisome, tiki za bluu tangu asubuhi, hajibu. Moyo unadunda.

Chura wa Jangwani: Umemwaga unga, mkuu. Ila usimwambie bosi hivyo kwa Kiingereza, atakuletea ufagio.

Mwalimu Mstaafu: Vijana someni. Wenzetu kumwambia mtu "umefukuzwa" wanaona ukali, wanapindisha, kama sisi tunavyosema marehemu "ametutoka". Hata wao kwa wao hawaelewani. "To table" kwa Mwingereza ni kuleta hoja ijadiliwe sasa, kwa Mmarekani ni kuiweka kando. Vita ya Pili ya Dunia maofisa wao walibishana sana kwa neno hilo, kumbe wote wanataka kitu kimoja. Churchill mwenyewe, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita hiyo, alikisimulia kisa hicho. Nilipokuwa nafundisha kidato cha tatu...

Bi Mkubwa 77: Mwalimu, mtu analia wewe unaleta Churchill! Mleta mada, weka meseji nzima.

Ndugu_Mpole: Nzima ya nini? Nilichouliza ni hicho tu.

Bi Mkubwa 77: Weka.

Ndugu_Mpole: Haya. "If you can't make it on Monday, I'm afraid we'll have to let you go." Hapo kwenye "afraid" nilijua ananiogopea ajali. Halafu jamani, mimi ndiye mweka hazina wa kamati, michango ya watu ipo kwenye simu yangu. Na nimeshafika Singida, basi limesimama, kuku nimeshalipia.

Tikiti Maji: Leo Jumamosi, na bosi anasema usipofika Jumatatu huna kazi. Shuka, panda la kurudi usiku huu. Hapo "I'm afraid" ni "samahani", haogopi chochote.

Ndugu_Mpole: Nauli utatoa wewe? Tena bosi ananipenda. Mwezi jana kaniambia "pull your socks up", nikanunua soksi jozi tatu mpya.

Tikiti Maji: Lile lilikuwa onyo! Alikuwa anakwambia ukaze buti.

Kamanda wa Zamu: Subirini kwanza. Mwezi jana huyu huyu alileta uzi anatafuta kazi yoyote, hata kulinda geti. Ofisi ya Mwingereza kaipata lini, na onyo keshalipata? Hii chai, tena haina hata tangawizi.

Bi Mkubwa 77: Kweli, uzi ule niliuchangia. Tupe picha ya kuku.

Ndugu_Mpole: Ule aliandika shemeji, tunatumia akaunti moja. Picha haipandi, mtandao mbovu. Dereva anapiga honi.

Mgeni Njoo: Samahani, sijasoma zote. "Break a leg", yaani vunja mguu, nayo ni tusi? Dada mmoja aliniambia nikienda kwenye usaili, nikamnunia mpaka leo.

Mwalimu Mstaafu: Alikutakia heri. Ndivyo waigizaji wanavyoambiana kabla ya kupanda jukwaani. Mpigie simu leo leo.

Mgeni Njoo: Keshaolewa, mwalimu.