Mjadala: Uongozi wa jumuiya ya wakazi uwe wa zamu, au tuendelee kungoja wanaojitolea?

Mtoa mada

Ndugu zangu wa jumuiya mbalimbali, nimekuwa katibu wa jumuiya ya wakazi ya mtaa wetu kwa miaka 6, na mwezi ujao tuna uchaguzi. Naleta hoja ambayo najua itawaudhi baadhi yenu, wakiwemo wenzangu wa kamati: tuache kupata viongozi kwa kuuliza "nani anajitolea?" Viti vya kamati vijazwe kwa zamu, kwa kura ya bahati, yaani kuvuta majina kutoka kwenye chungu, miongoni mwa kaya zote.

Aliyewahi kuhudhuria mkutano mkuu anaujua ule ukimya. Mwenyekiti anauliza nani atashika ukatibu, na ukumbi mzima unainamisha vichwa. Kisha sauti moja inasema, "Mimi naona katibu wetu aendelee tu, kazi anaiweza." Makofi, mkutano umefungwa. Nimechaguliwa mara 3. Mara ya kwanza nilinyoosha mkono mwenyewe, kwa furaha, na sijutii. Mbili zilizofuata nilinyooshewa.

Silalamikii uchovu. Kinachoniuma ni kile ambacho kujitolea kwangu kumewafanyia wengine. Barua zote ziko nyumbani kwangu. Orodha ya wanachama, nakala ya katiba, namba ya ofisa wa taka, namba ya fundi wa bomba: vyote kwangu. Mwaka juzi niliugua wiki 7, na kwa wiki hizo 7 jumuiya haikuandika barua hata moja. Majirani walikuja kunijulia hali, na kabla ya kuaga wakauliza kuhusu taa za barabarani. Hawakuwa na nia mbaya. Mimi ndiye niliyewazoesha.

Mwanasosiolojia Robert Michels alieleza jambo hili mwaka 1911, baada ya kukichunguza chama cha kisoshalisti cha Ujerumani, chama kilichohubiri usawa. Aliona kwamba hata humo madaraka yaliishia mikononi mwa wachache. Si lazima wachache hao wawe waovu. Wanazijua taratibu, wanashika makaratasi, na wengine wanashukuru kupunguziwa mzigo. Niliposoma maelezo hayo nilijiona mimi mwenyewe.

Halafu tazameni ni nani hasa anayeweza kujitolea. Ni mwenye jioni huru, asiye na mtoto mchanga wala mgonjwa wa kuuguza, aliyezoea kusema mbele ya watu, na mara nyingi mwenye nyumba yake. Basi mambo ya watu hao ndiyo yanayoingia kwenye ajenda. Kwetu tumejadili maegesho ya magari katika vikao vitano. Kivuko cha watoto wanaokwenda shule kwa miguu hatujakijadili hata mara moja.

Zamu si ndoto. Katika Athens ya kale, baraza la watu 500 lililoandaa shughuli za mkutano wa raia lilipatikana kwa kura ya bahati. Mtu alihudumu mwaka mmoja, na hakuruhusiwa kurudi zaidi ya mara 2 maishani. Huko Japani, jumuiya nyingi za wakazi zimegawanywa katika vikundi vidogo vya nyumba jirani, na kiongozi wa kikundi hupatikana kwa kupokezana: mwaka huu kaya hii, mwakani inayofuata. Anapitisha taarifa nyumba kwa nyumba, anakusanya michango, kisha anakabidhi. Kwa nini sisi tushindwe?

Mweka hazina

Ndugu katibu, umesema kwa uchungu na nimekuelewa. Lakini sikubaliani nawe, na sababu yangu ni fedha.

Nimeshika hazina ya jumuiya yetu miaka 11. Aliyenitangulia alilazimishwa. Alikuwa mtu mwema kabisa, ila hakuitaka kazi. Nilipokea kutoka kwake mfuko wa risiti zilizofutika maandishi na daftari lenye kurasa nne zilizoandikwa. Nilitumia miezi mitatu kulinganisha michango na taarifa za benki, na hadi leo kuna fedha ambazo siwezi kusema zilikwenda wapi. Hakuiba, nina hakika. Hakuandika tu, kwa sababu moyo wake haukuwepo.

Anayejitolea ana kitu ambacho kura ya bahati haiwezi kukitoa: ametaka. Atakesha na hesabu zisizofungana. Hazina si zamu ya kufagia ngazi.

Na kwa kuwa umetaja Athens, basi uitaje yote. Majemadari wao hawakupatikana kwa bahati, walichaguliwa kwa kura na waliweza kurudi mwaka baada ya mwaka. Walijua kwamba kuna kazi ambayo ukimpa asiyeijua, wote mtalipia. Tena kila aliyemaliza muda wake, hata yule wa kura ya bahati, alikaguliwa hesabu zake kabla ya kuachiwa. Ungeanza na ukaguzi, ndugu yangu, kabla ya zamu.

Mama wa watoto wawili

Naomba niseme kwa niaba ya wale wanaoinamisha vichwa, maana mimi ni mmoja wao.

Kaka katibu, huo ukimya unaouona kutoka meza ya mbele, sisi tulio nyuma tunausikia tofauti. Ninafanya kazi usiku. Kikao kinaitishwa saa 12 jioni, saa ninayoandaa watoto na kujiandaa mwenyewe. Kinachelewa kuanza, na taarifa iliyokwisha kutumwa kwa maandishi inasomwa upya kwa sauti. Nikifika naondoka katikati, na naona macho yanavyonisindikiza. Mwisho wa mwaka inasemwa kwamba vijana na akina mama "hawajitolei".

Mimi ndiye ninayempeleka bibi wa ghorofa ya chini kliniki. Nina funguo za nyumba tatu za majirani. Mtoto akipotea hapa, naanza kupigiwa simu mimi kabla ya mwenyekiti. Hiyo si kazi ya jumuiya? Haina cheo, ndiyo maana haihesabiwi.

Sasa unasema zamu. Nikiangukiwa na kura, nitafanya ukatibu saa ngapi? Na nikishindwa nitafanywa nini, nitozwe faini? Hao Wajapani unaowasifu wana mgogoro juu ya jambo hili. Kesi ya mwanachama aliyetaka kujitoa katika jumuiya ya wakazi ilifika hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi yao, na mwaka 2005 ikaamuliwa kwamba mwanachama ana haki ya kujitoa. Ukilazimisha watu, wenye shida watakuwa wa kwanza kutoka, na utabaki na wale wale wenye jioni huru.

Tena Athens. Raia waliopiga hiyo kura ya bahati walikuwa wanaume peke yao. Wanawake hawakuwamo, watumwa hawakuwamo. Walikuwa na muda wa baraza kwa sababu kuna watu waliokuwa wakiwafanyia kazi nyingine zote.

Ipunguzeni kazi yenyewe. Ukatibu wa kwetu ni kazi 5 zilizofungwa kwenye furushi moja: kuandika kumbukumbu, kutuma taarifa, kutunza orodha ya wanachama, kufuatilia barua ofisini, kupokea malalamiko. Niulize kama nitajitolea kuwa katibu, nitasema hapana. Niulize kama naweza kutunza orodha ya wanachama, naifanya saa 9 usiku nikiwa mapumzikoni kazini, na nitaifanya vizuri.

Mpangaji

Mimi nina machache. Nimekaa mtaa mmoja miaka 9, nalipa mchango kila mwezi, na katiba ya jumuiya yetu inasema mgombea awe mwenye nyumba. Mnabishana kuhusu zamu na kujitolea, wengine hatujafika hata mlangoni. Hiyo kura ya bahati, majina yetu yatakuwemo kwenye chungu?

Mratibu wa miradi

Mnazunguka jambo moja bila kulitaja: malipo. Kazi ya saa 10 kwa wiki bila ujira ni kazi ya mwenye uwezo tu, na mama hapo juu ameshaeleza kwa nini.

Mfano mzuri ni Dudley Street Neighborhood Initiative, jumuiya ya wakazi ya Boston, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1984. Mtaa wao ulikuwa umejaa viwanja vitupu, nyumba zilizoungua na takataka zilizotupwa na watu wa nje. Taasisi zilizotaka kusaidia zilipendekeza bodi ambayo wakazi wangekuwa wachache. Wakazi wakakataa, wakadai wawe wengi kwenye bodi, wakapata. Mwaka 1988 mji ukawapa mamlaka adimu kabisa kwa kikundi cha wakazi: kutwaa viwanja vitupu kwa manufaa ya umma. Sasa angalieni mpangilio wao: wakazi wanakaa kwenye bodi na kuamua, lakini kuna watumishi wanaolipwa wanaofanya kazi ya kila siku. Katibu wetu hapa amebeba bodi na ofisi kwa pamoja.

Mweka hazina

Ndugu mratibu, watumishi hao walilipwa na nani mwanzoni? Na wafadhili. Jumuiya nyingi zinaishi kwa michango ya wanachama. Ukianza kulipa posho kutoka humo, utaona mikono mingi imenyooshwa, na sitajua ipi imenyooshwa kwa ajili ya mtaa. Nimeona kikundi kikigawanyika kwa sababu ya posho ya usafiri iliyokuwa ndogo hata kwa nauli.

Mratibu wa miradi

Mzee wangu, sikusema posho kwa kamati. Nimesema kazi za ofisi zilipwe, hata kama ni mtu mmoja kwa siku mbili za mwezi. Kama hata hilo haliwezekani, basi tukubali kwamba kazi ni kubwa kuliko jumuiya, na tuikate.

Mtoa mada

Nimesoma yote, na sitajifanya sikuguswa. Dada, uliposema kuhusu funguo za majirani niliacha kuandika nikatoka nje kidogo. Kwetu kuna mtu kama wewe. Katika miaka 6 sijawahi kuandika jina lake kwenye taarifa ya mwaka.

Kulazimisha naondoa. Nilidhani dawa ya ukimya ni kura ya bahati, sikufikiria adhabu inayofuata mtu akikataa. Atakayeangukiwa aweze kusema hapana bila kutoa sababu, jina lirudi chunguni, tuvute jingine. Ndugu mpangaji, jina lako liwemo. Kifungu cha kwetu kinafanana na cha kwenu, na mimi ndiye niliyekinakili kutoka katiba ya kikundi kingine bila kukisoma kwa makini. Nitapendekeza kifutwe.

Ukatibu utakatwa vipande kama dada alivyoorodhesha. Kila kipande kitakuwa na mtu na msaidizi, muda ni mwaka mmoja. Kipande kikikosa mtu, kisifanyike. Hapa sitalegeza, hata kama taarifa zitachelewa. Kwa miaka 6 kila pengo nimelijaza mimi, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kuliona.

Ila mzee wetu wa hazina, kuna jambo bado nataka tulijadili. Unasema kazi yako inahitaji mtu aliyeitaka. Sawa, na achaguliwe kwa kura. Lakini una miaka 11. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizotunza misitu, maji na malisho yao kwa vizazi vingi. Moja ya mambo aliyoyakuta kwenye zile zilizodumu ni kwamba wasimamizi waliwajibika kwa watumiaji wenyewe, au walikuwa ni watumiaji wenyewe. Swali langu nauliza kwa heshima kabisa: ukiumwa wiki 7 kama mimi, nani atafungua daftari lako?

Mweka hazina

Hakuna.

Nimelifikiria tangu asubuhi. Sahihi ya pili benki ni ya mwenyekiti, lakini hajui nilivyopanga mafungu. Mke wangu anajua kabati lilipo, basi.

Kiti changu sitaki kipigiwe kura ya bahati, na katika hilo nimesimama pale pale. Lakini nitakubali huyu: mtu mmoja kutoka kwenye chungu, akae nami mwaka mzima, aandike yeye nami nikague. Mwakani aje mwingine. Baada ya miaka mitatu kutakuwa na watu watatu mtaani wanaoweza kuzisoma hesabu, hata kama hakuna anayetaka kiti. Na sitagombea tena zaidi ya muhula mmoja. Hili nalisema hapa kwa sababu nikilisema ukumbini wataniambia niendelee tu, kazi naiweza.

Mpangaji

Nikiangukiwa mimi nitakaa nawe, mzee, kama ungekuwa mtaa wetu. Nimesomea uhasibu.

Mama wa watoto wawili

Kaka katibu, kabla hujapeleka pendekezo, andika na saa ya kikao ndani ya katiba. Kianze saa kamili na kisizidi saa moja na nusu, na kila baada ya vikao viwili kimoja kiwe mchana wa siku ya mapumziko. Bila hivyo, tutakaovutwa kwenye chungu tutasema hapana mmoja baada ya mwingine, nawe utaandika tena kwamba hatujitolei.