Kikundi cha Familia: Mama mkubwa atibiwe wapi

Tumaini: Shikamooni wote. Majibu ya kinyama alichokatwa mama kupimwa yametoka. Ni saratani, titi la kushoto. Amesema niandike hapa msije mkasikia pembeni.

Mama mdogo Atupele: Marahaba baba. Jamani dada yangu Subi! Nalia peke yangu huku Kyela.

Mjomba Asajile: Poleni sana. Nina daktari kule Uyole, anaweza kulitoa wiki hii hii. Likitoka limetoka. Ikishindikana tuchange aende India.

Neema: Shikamoo mjomba. Naomba tusikimbilie kisu. Tumaini, hiyo karatasi imeandikwa ER, PR na HER2?

Tumaini: Hapana dada. Aina ya saratani na gredi 2 tu.

Neema: Vipimo hivyo ndivyo vinavyotakiwa. ER na PR zinaonyesha kama uvimbe unalishwa na homoni. Ikiwa ndivyo, kuna tamoksifeni, kidonge cha kila siku kwa miaka 5 au zaidi. HER2 ni protini inayoukuza uvimbe haraka; ikizidi ina sindano yake, na ni ghali, bora tujue mapema bima inasemaje.

Mjomba Asajile: Kusubiri si ndiyo kuenea?

Neema: Wiki mbili tatu za kupima vizuri hazimharibii kitu, mjomba. Kinachoumiza ni kuzungushwa miezi. Wodini kwetu alikuja mama aliyetolewa uvimbe kwenye kituo fulani, nyama ikatupwa bila kupimwa. Ukarudi, safari hii umefika kwapani, na hakuna aliyejua ulikuwa wa aina gani. Iliniuma sana. Wakati mwingine kemo, yaani dawa za kuua saratani, hutangulia uvimbe usinyae, ndipo upasuaji. Kwa hiyo mimi hospitali naichagulia hapo: daktari wa upasuaji, wa kemo na wa mionzi wanakubaliana kabla mgonjwa hajalazwa, au kila mmoja anafanya lake?

Mama mdogo Atupele: Basi si aende Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar, moja kwa moja, mwanangu? Wote wanasema ndiko.

Neema: Kwa mionzi ndiko, mama. Ila mionzi ni Jumatatu hadi Ijumaa, mara nyingi wiki 3 hadi 5. Dakika chache tu kwa siku, lakini lazima alale Dar. Kemo huwa kila baada ya wiki 3 hivi, na hiyo natamani apewe hapa Hospitali ya Rufaa Mbeya, dawa zote zikiwepo. Mgonjwa wa kemo akipata homa ni dharura, hata usiku. Sitaki imkute kwenye basi, Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800.

Rehema Tabata: Shangazi atakaa kwangu. Chumba kipo, wiki 5 hata 10. Asiwaze hoteli wala gesti.

Mama mkubwa Subi: Nimewasoma wote wanangu, ndaga, asanteni. India siendi, hiyo hela ni ada ya watoto. Naanza na Rufaa, na Neema awe ndani daktari akiongea, maana likitajwa hilo jina masikio yangu yanaziba. Halafu kwapani kuna kingine kinauma. Sikuwaambia.

Neema: Umefanya vizuri kusema, mama mkubwa. Tezi za kwapani lazima zipimwe, hilo tutalianza nalo. Tumaini, maabara usichukue karatasi peke yake. Omba na bloku, ile nyama iliyohifadhiwa kwenye nta, pamoja na vioo vyake vya hadubini. Rufaa wakitaka ER, PR na HER2 wataitumia hiyo, huenda wasimchome tena.

Mjomba Asajile: Sawa, nimeelewa. Vipimo nalipa mimi. Rehema, nauli ya shangazi yako pia ni juu yangu. Yule wa Uyole nampigia sasa hivi asitusubiri.

Tumaini: Maabara wanafungua saa 2, nitakuwa mlangoni. Dada Neema tukutane geti la Rufaa saa 4. Mama atakuja na kadi ya bima.

Neema: Na dawa zote anazokunywa, hata za presha. Ziwekeni kwenye mfuko mmoja.