Bastola iliyotumika: ipi haikwami, na ipi haipotezi bei ukija kuiuza?

Mlengaji

Habari wakuu. Nina kibali cha bastola moja na nachagua miongoni mwa zilizotumika. Nne ni za risasi ya 9x19 (milimita 9): Glock 19 ya kizazi cha tatu, CZ 75 B, Beretta 92FS na Browning Hi-Power. Ya tano ni Glock 23 ya risasi nene zaidi ya .40, na hiyo ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Matumizi ni ulinzi na mazoezi ya shabaha, kama risasi 150 kwa mwezi. Baada ya miaka mitano hivi nitaiuza.

Je, kwa upande wa kukwama zinatofautiana kweli, au ni ushabiki wa majina tu? Na ipi itanirudishia sehemu kubwa ya pesa? Kama kuna mambo ya kukagua kabla ya kulipa, naomba yatajwe kwa undani. "Angalia hali yake" hainisaidii.

Fundi Mitutu

Mkuu, piga hesabu kwanza. Risasi 150 kwa mwezi kwa miaka mitano ni 9,000. Kwa hizo nne za 9, idadi hiyo haimalizi mtutu wala slaidi (kipande cha juu kinachokwenda nyuma na mbele). Inayomalizika ni springi, na sehemu kubwa ya lawama zinazotupiwa jina la bastola ni za springi na magazini (kisanduku kinachobeba risasi).

Springi ya kurudisha slaidi kwenye Glock 19 ya kizazi cha tatu hubadilishwa kati ya risasi 3,000 na 5,000. Ya Beretta 92 ni karibu na 5,000. Ikilegea, slaidi inakwenda nyuma kwa kishindo na kuigonga fremu, halafu inarudi mbele bila nguvu na haifungi hadi mwisho. Kwenye Glock kuna kipimo cha dakika moja. Toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba (tundu la mtutu risasi inamokaa) kwa macho kisha uipapase kwa kidole. Ukishahakikisha ni tupu, elekeza mtutu mahali salama ubonyeze triga, na usiiachie. Inua mtutu nyuzi 45, vuta slaidi nyuma kabisa, kisha uirudishe polepole huku mkono ukiisindikiza. Ikisimama kabla ya kufunga, springi imechoka. Ni kipuri cha bei ndogo, kwa hiyo usiache kununua kwa sababu hiyo, ila itumie kushusha bei.

Magazini ndiyo chanzo cha pili, na kwa bastola zilizokwisha kutumika huwa ndiyo cha kwanza. Kila magazini iandikie namba kwenye kitako kwa rangi. Bastola ikikwama, andika namba ya magazini na jinsi ilivyokwama. Matatizo yakiifuata namba 2 peke yake, bastola haina kosa: midomo ya magazini imepanuka au springi yake imelala. Yakitokea kwenye magazini zote, geukia bastola yenyewe, risasi, au mshiko wa mpigaji.

Jinsi ilivyokwama inaeleza mengi. Risasi ikiinamisha kichwa na kugota chini ya mdomo wa chemba, magazini inapandisha kwa kuchelewa. Ganda likibanwa wima kwenye dirisha la slaidi, ama mkono umelegea, ama risasi ni dhaifu, ama ndoano ya kutolea ganda haishiki. Glock ni nyepesi kwenye fremu, hivyo huuadhibu mkono uliolegea kuliko Beretta au Hi-Power. Ganda likibaki chembani kabisa, tazama ncha ya ndoano kama imemeguka, kisha usafishe masizi yaliyojikusanya chini yake. Na fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi) ikiwa na alama ndogo tu ya kubonyea bila kuwaka, mara nyingi kuna mtu aliyemwaga mafuta kwenye njia ya pini inayoigonga fataki. Mafuta hayo huchanganyika na masizi na vumbi la shaba, yakawa utomvu unaopunguza mwendo wa pini. Njia ya pini inatakiwa iwe kavu kabisa. Kosa hili linafanywa na watu wanaozipenda silaha zao, ndiyo maana linaniuma.

Sasa udhaifu wa kila moja. Kwenye Beretta 92 chini ya mtutu kuna kipande cha kufungia chenye masikio mawili. Hicho ndicho huvunjika, na ufa huanzia kwenye shina la sikio. Kifute, ukiangalie kwa lenzi kwenye mwanga wa pembeni. Ukiona mstari mwembamba, kipande hicho kimekwisha. Kwa upande mwingine, slaidi yake iko wazi juu na risasi huingia chembani karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo ganda kubanwa dirishani ni jambo la nadra.

CZ 75 B: kijiti cha kizuizi cha slaidi kinaweza kukatika baada ya maelfu ya risasi. Kinabeba mzigo mkubwa kwa sababu ndicho kinachoupokea mtutu. Weka cha akiba. Pia kuna kipini kidogo cha bomba kinachoizuia pini ya kugonga, nacho huharibika kwa kufyatua bila risasi mara nyingi. Tumia risasi bandia za mazoezi.

Hi-Power zilizotengenezwa kabla ya 1962 zina ndoano iliyofichwa ndani ya slaidi. Tangu hapo ndoano iko nje, inaonekana, na ni nafuu zaidi kuitunza. Zile kongwe zilikusudiwa vichwa vya mviringo, kwa hiyo risasi zenye vichwa vya shimo kwenye ncha zinaweza kugota zikipanda. Ijaribu kwa risasi utakazobeba, siyo kwa za mazoezi peke yake.

Mizani

Fundi amemaliza upande wa kukwama, mimi niseme upande wa bei. Soko la bastola ni masoko mawili. Kuna soko la kifaa na kuna soko la wakusanyaji, na kinachopandisha bei upande huu kinaweza kuishusha upande ule.

Glock 19 iko kwenye soko la kifaa. Hushuka pale inapotoka dukani kwa mara ya kwanza, kisha inasimama. Ukiinunua ikiwa imeshatumika, aliyeimiliki kwanza ameshakubebea hasara kubwa. Wanunuzi hawaishi, maana magazini, springi na ala zake (mifuko ya kuibebea) hupatikana kwa urahisi. Mnunuzi wa soko hili haulizi historia. Anauliza kama vipuri vipo.

Hi-Power ni ya soko la pili. Ilianza 1935, na utengenezaji ukasimama 2018. FN, kiwanda cha Ubelgiji kilichoitengeneza, walitoa nyingine yenye jina hilo 2022, lakini ni muundo mpya na vipuri haviingiliani na vya zamani. Kwa hiyo zile za asili haziongezeki tena. Kati ya tano ulizotaja, hiyo ndiyo yenye nafasi ya kupanda bei. Lakini ina masharti: rangi ya kiwandani, vipande vya asili, sanduku lake. Ikishang'arishwa na kupakwa upya, mkusanyaji anaipita. Utaigundua kwa kutazama herufi zilizochongwa: kingo zimelala, na mashimo ya pini yana midomo iliyobonyea kama visahani. Uliza pia kama kile kipande kinachozuia kufyatua magazini ikiwa nje kimeondolewa. Wengi hukitoa kwa sababu hufanya triga iwe nzito. Kama kimetolewa lakini kimehifadhiwa, sawa. Kama kimetupwa, punguza bei.

Halafu kuna utata ambao wengi hawaupimi. Bastola unayoipigia risasi 9,000 haitabaki kwenye soko la wakusanyaji. Ukinunua Hi-Power safi kisha ukaifanya ya mazoezi, umelipa bei ya kumbukumbu ukatumia kama jembe.

Glock 23: sababu ya bei ya chini ni kaliba (unene wa risasi), bastola yenyewe haina tatizo. .40 ilitoka 1990, baada ya FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, kutathmini upya silaha zao kufuatia mapambano yao ya risasi ya Miami ya 1986. Polisi wengi Marekani waliichukua. FBI waliporudi kwenye 9 katikati ya miaka ya 2010, idara nyingi zikafuata na kuzirudisha za .40 kwa wauzaji. Zikajaa. Kwa fremu ya kiasi kilekile cha Glock 19, msukumo wake ni mkali zaidi na springi inachoka mapema. Ukinunua chini utauza chini, kwa hiyo hasara yenyewe inaweza kuwa ndogo. Shida ni muda wa kumpata mnunuzi, na kama risasi za .40 zinapatikana pale ulipo.

Mlengaji

Asanteni sana, nimeelewa mengi. Niongeze mawili. Kuna Glock 19 moja ina alama za kulenga za tritiamu, zinazong'aa gizani, muuzaji anazihesabia bei ya ziada. Na ile Beretta imechubuka rangi sana mdomoni, ila anasema haikupigwa sana. Inawezekana?

Mizani

Inawezekana kabisa. Rangi iliyochubuka mdomoni na kwenye kingo ni ya ala: inachomolewa na kurudishwa kila siku. Silaha za walinzi na polisi huwa hivyo, zimebebwa sana na kupigwa kidogo. Usiiamini rangi, fungua ndani. Angalia uso wa slaidi unaokalia kitako cha ganda. Ukiona mduara uliolika kuzunguka tundu la pini, imepigwa sana. Angalia pia reli za fremu: Beretta ina fremu ya alumini, na reli zilizolika kwa upande mmoja zaidi ya mwingine ni sababu ya kuondoka. Uchakavu wa nje ukiwa na ndani safi ndiyo ununuzi mzuri, kwa sababu wengi hulipia sura.

Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12.3. Alama zenye umri huo zina nusu ya mwanga, na zenye miaka 24 na zaidi zina robo hivi. Zitazame gizani baada ya macho kuzoea giza. Kama ni hafifu, usizilipie chochote cha ziada.

Na wewe utakapouza: usichome mshiko kwa chuma cha moto ili uwe na mikwaruzo. Hilo halirudishiki na hupunguza wanunuzi papo hapo. Alama za kulenga badilisha ukitaka, ila zile za kiwandani zitunze kwenye sanduku pamoja na kitabu na magazini zilizokuja nayo. Triga iliyosuguliwa na asiyejulikana humtia mnunuzi hofu, na hofu hiyo ni ya haki.

Silinda Sita

Nashangaa rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, haikutajwa. Smith & Wesson Model 10 asili yake ni 1899 na wanunuzi wake hawajaisha. Haina magazini ya kulegea wala haijali mkono legevu. Ila ukaguzi wake ni tofauti, nao wauzaji wengi hawaujui. Ikiwa tupu, vuta nyundo polepole huku ukiizuia silinda kidogo kwa kidole. Silinda lazima ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho, kwa matundu yote sita. Lisilojifunga linaonyesha kiwiko cha kusukuma silinda kimelika. Sukuma silinda mbele na nyuma: isicheze kwa kuonekana. Kisha pima nafasi kati ya silinda na mtutu kwa vibati vya kupimia: kati ya milimita 0.1 na 0.25 ni sawa. Ikizidi hapo inatema moto na vipande vya risasi pembeni.

Fundi Mitutu

Hayo ya Silinda ni sahihi, ingawa kwa risasi 150 kwa mwezi na nia ya kuuza baada ya miaka mitano bado ningebaki kwenye 9 ya magazini. Miaka mingi ya matumizi imewaonyesha wauzaji vipuri vya kuweka, na hilo halipatikani kwa kila rivolva.

Nilisahau mtutu. Ufungue, uelekeze kwenye mwanga uangalie ndani kutoka upande wa chemba. Vishimo vidogo vya kutu kwenye mifereji vinapunguza bei lakini mara nyingi bado inalenga. Kinachoukataa mtutu ni pete nyeusi inayozunguka ndani. Hiyo hutokea pale risasi dhaifu inapokwamisha kichwa njiani, kisha ikapigwa nyingine nyuma yake, chuma kikavimba. Pitisha vidole nje ya mtutu, utausikia uvimbe. Linganisha na namba pia: Glock huwa na namba kwenye fremu, slaidi na mtutu. Zikitofautiana, kuna kilichobadilishwa, na kabla ya kulipa hakikisha namba ya kwenye fremu ndiyo iliyo kwenye hati.

Kati ya tano ulizotaja ningechukua Glock 19, halafu CZ. Beretta ichukue kama masikio ya kile kipande ni mazima na kidole chako kinaifikia triga bila kuzungusha mkono, maana mshiko wake ni mnene. Ukishainunua, weka springi mpya kabla ya risasi ya kwanza, uandike tarehe. Piga 200 za aina utakayobeba, kwa magazini zote ulizozipa namba. Badilisha springi kwenye 3,000 na 6,000, na ukifika 9,000 weka mpya kabla ya kuuza. Ile karatasi ya tarehe na idadi mpe mnunuzi pamoja na sanduku. Na usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi: ngozi hufyonza unyevu na kuuweka kwenye chuma, na baada ya wiki chache utakuta alama za kutu zenye umbo la mshono wa ala.