Naombeni ushauri: kusambaza matoleo mapya kwenye seva za wateja bila kuziingia moja moja

Sangara_Dev
Wakuu habari za muda huu. Nina mfumo wa maduka ya dawa, nimeuandika kwa Laravel (kiunzi cha PHP) na databesi ya MySQL: stoo, mauzo, dawa zinazokaribia kuisha muda, ripoti. Ulianza na duka moja hapa Mwanza, sasa wateja wanakaribia thelathini, wapo hadi Bukoba na Songea. Kila mmoja ana seva yake. Wengine wako cPanel (hosting ya kushirikiana na watu wengine), wengine VPS (seva ya kukodi ya peke yake), na wengi wana kompyuta iliyokaa chini ya kaunta, mashine za dukani zinaifikia kwa waya na intaneti ni ya modemu.

Nikirekebisha hata kitu kidogo naingia kwa FileZilla (ya kuhamisha faili) kwa mmoja mmoja, wale wa kaunta nawaingilia kwa AnyDesk (ya kuendesha kompyuta kwa mbali). Matokeo yake kumpata mteja mwenye toleo sawa na mwenzake ni bahati. Ikifika Julai mosi, bajeti mpya inaanza kutumika na viwango vya kodi vikiguswa, wote wanapiga simu siku hiyo hiyo.

Nataka nikitoa toleo jipya lifike lenyewe. Nimefikiria kuweka git pull (amri ya kuvuta msimbo mpya toka hifadhi ya Git) kwenye cron (inayoendesha kazi kwa saa zilizopangwa) kila usiku. Kuna ubaya gani?

fundi_waya
Hamishia wote kwenye seva moja, kila duka na databesi yake. Unasasisha mara moja, unalala.

Sangara_Dev
Mkuu, wa cPanel na VPS naweza kuwashawishi. Wa kaunta hawataki hata kusikia, na nawaelewa. Umeme ukikatika wanawasha jenereta wanaendelea kuuza. Mtandao ukikatika na mfumo uko mbali, wanarudi kwenye daftari.

Bi_Seva
Hiyo git pull ya usiku iache. Siku mtu akigusa faili moja kwa mkono kule kwa mteja, Git itakataa kuunganisha na wewe hutapata taarifa. Halafu tawi kuu ndilo unalolifanyia kazi kila siku: ukisukuma kitu kibichi saa tano usiku, asubuhi kiko Songea. Na kwenye cPanel watu huiacha folda ya .git ndani ya public_html (folda inayoonekana kwenye wavuti), mwenye kivinjari yeyote anajichotea historia nzima ya msimbo wako.

Ningefanya hivi. Toleo likiwa tayari lipe namba, lifungashie kwako kama faili moja la tar likiwa na folda ya vendor (maktaba za msimbo wa watu wengine) ndani yake. Usiendeshe composer (inayopakua maktaba hizo) kwa mteja, inakula RAM na bando la watu. Faili hilo liweke kwenye seva yako, pembeni yake kifaili kidogo kinachosema toleo la sasa ni lipi. Seva ya mteja ndiyo ije kuuliza kupitia HTTPS, "kuna jipya?" Wewe usijaribu kuifuata, kwa sababu kompyuta ya chini ya kaunta iko nyuma ya modemu, haina anwani ya IP ya kudumu, huwezi kuifikia kutoka nje. Yenyewe kutoka inaweza.

Ikishapakua, ifungue kwenye folda mpya ndani ya releases. Faili la .env (mipangilio na nywila) na folda ya storage (faili zinazohifadhiwa na mfumo) vikae nje, vitumiwe na matoleo yote. Mwisho geuza kiungo cha current (symlink, njia ya mkato inayoonyesha toleo linalotumika) kielekee folda mpya. Umeme ukikatika katikati ya kupakua, duka bado liko kwenye toleo la zamani lililo zima. Kurudi nyuma ni kukigeuza kiungo tena. Ila ukishageuza, pakia upya PHP-FPM (huduma inayoendesha PHP), la sivyo OPcache (akiba yake ya msimbo kwenye kumbukumbu) inaweza kuendelea kukupa faili za zamani, utakesha ukitafuta kosa lisilokuwepo.

Kuhusu saa: umesema usiku. Mwenye duka akifunga anazima kila kitu, anaogopa bili ya umeme. Cron haifanyi kazi ya saa iliyopita mashine ikiwa imezimwa. Tumia kipima muda cha systemd (msimamizi wa huduma za Linux) chenye Persistent=true, kazi iliyokosa saa yake itafanyika mashine ikiwashwa. Ipakue wakati wowote, lakini kusakinisha kusubiri mpaka muuzaji abonyeze kufunga siku.

mtoto_wa_kaunta
Dada umemaliza yote, sisi wengine tunaweka alama tu turudi kusoma.

PostgreNiBaba
Hajamaliza. Kuhamisha faili ni kazi nyepesi, shughuli iko kwenye databesi. Ukigeuza kiungo kurudi toleo la zamani, jedwali ulizobadilisha hazirudi pamoja nacho.

Unatumia MySQL. Pale kila amri ya kubadili muundo wa jedwali inajithibitisha yenyewe papo hapo. Uhamishaji (migration, yaani kubadili muundo wa databesi) wenye hatua tano ukikwama kwenye ya tatu, mbili za kwanza zimeshapita na hakuna kuzifuta kwa pamoja. Kwenye PostgreSQL ungezifunga zote ndani ya muamala mmoja (jina langu mnaliona, sijifichi).

Kwa kuwa hutahama leo, badili muundo kwa awamu. Ukitaka safu ya "bei" igawanyike kuwa bei ya rejareja na ya jumla, toleo la kwanza liongeze safu mpya tu na liandike kote kote, ya zamani na mpya. Ya zamani uiondoe matoleo mawili mbele, ukishaona kila duka limevuka. Hapo msimbo wa jana unafanya kazi na databesi ya leo, na kurudi nyuma kunakuwa na maana.

Kabla ya uhamishaji, skripti ipige mysqldump (nakala ya databesi nzima) yenye --single-transaction, iangalie faili limekamilika, ndipo iendelee. Diski ikiwa imejaa isimame na ikuandikie.

kufuli_la_shaba
Naona mnajenga mlango wa kuingilia maduka thelathini bila kuongelea ufunguo.

Juni 2017 kule Ukraine kulikuwa na programu ya uhasibu inaitwa M.E.Doc, kampuni nyingi zilikuwa nayo. Wahalifu waliingia kwenye seva ya masasisho, wakapachika mlango wa nyuma, na wateja wakaupokea kwa njia ile ile halali. Ndipo NotPetya, programu hasidi ya kuharibu data, ikapita. Maersk peke yao walikadiria hasara ya dola milioni 200 hadi 300, na wao wanasafirisha makontena, hawauzi programu.

Kwa hiyo HTTPS haitoshi. Kila faili la toleo lisainiwe kwa GPG au minisign (zana za saini ya kidijitali). Ufunguo wa umma ukae kwa mteja, wa siri ukae kwenye flashi yako kabatini, USIKAE kwenye seva ya kusambazia. Mtu akiivamia seva hiyo ataweka faili lake, lakini duka litalikataa. Na Sangara, ile AnyDesk, natumaini hutumii nywila moja kwa wote.

Sangara_Dev
Nimenyamaza 😅

fundi_waya
Hata bila mhalifu unaweza kuwaangusha. CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, tarehe 19 Julai 2024, faili lao lenyewe lenye kasoro lilienda kwa wateja kwa mkupuo, mashine za Windows kama milioni 8.5 zikagoma. Sangara anza na duka lako la majaribio, kisha mawili ya watu wanaokuvumilia, subiri siku kadhaa, ndipo wengine. Kila seva ikiripoti namba ya toleo na kama imefaulu, utaona kwenye jedwali moja nani amebaki nyuma.

Sangara_Dev
Nimeelewa, asanteni sana. Mawili yamebaki. Wa cPanel hawana systemd, nifanyeje? Na je, ile mysqldump naweza kuivuta kwangu iwe akiba?

Bi_Seva
cPanel ina cron yake na seva haizimwi, inatosha. Skripti ni ile ile ya PHP, ila kuna hosting zinazofunga exec (ya kuendesha amri za mfumo) na baadhi ya kazi nyingine za PHP, jaribu kwanza. PHP-FPM huwezi kuigusa pale, kwa hiyo safisha OPcache kwa opcache_reset ukiiita kupitia wavuti, maana ukiiita kwenye cron inasafisha ya kwake tu.

kufuli_la_shaba
Akiba usiivute kimya kimya. Humo mna majina ya wagonjwa na dawa walizonunua, hizo ni taarifa nyeti na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu wewe na mwenye duka. Andikeni kwenye mkataba: nini kinatoka, kinakaa wapi, kwa muda gani. Isimbe (encrypt) kabla haijatoka dukani. Na humo humo kwenye mkataba weka ruhusa ya kusasisha bila kumpigia simu, kwa sababu kompyuta ni yake.

Sangara_Dev
Sawa mkuu. Kuna mteja mmoja Geita nilimbadilishia risiti na ripoti ndani ya msimbo wenyewe, yeye nimwache nje?

Bi_Seva
Usimwache. Hayo mabadiliko yake yatoe kwenye msimbo yawe mipangilio kwenye databesi, hata kama yatakula wiki nzima. Anza na huyo kabla ya kuandika skripti yoyote, kwa sababu toleo la kwanza litakalojisakinisha litamfutia risiti zake.