Tupeane uzoefu: banda la gari ni dogo, zana ni nzito. Wewe unazipangaje?

Spana Kumi na Saba:
Wakuu, habari za jioni. Kiwanja ndicho kilichoniamulia, banda la gari likatoka upana wa futi 10. Gari ni Toyota IST, lina upana wa karibu mita 1.7. Ukitoa hapo unabaki na mita moja na kitu, na mlango wa dereva nao lazima ufunguke. Humo humo nina jenereta, mashine ya kuchomelea ya kizamani yenye koili ya shaba (aliyewahi kuibeba anaijua), jeki ya mamba ya tani 3, kompresa, jiliwa (la kubania chuma unapokifanyia kazi) na sanduku la spana. Siuzi kitu, na gari silazi nje. Wenye mabanda ya hivi mmefanyaje?

Mchomeleaji:
Mkuu, kwanza acha kuegesha katikati. Libane gari upande wa abiria, abiria washukie nje kabla hujaingiza. Nafasi yote inahamia upande mmoja na hapo ndipo unapata mahali pa kufanyia kazi.

Mimi nilichomelea stendi ya skwea paipu ya milimita 40, kina chake sentimita 40 tu, ila imepanda hadi karibu na dari. Miguu ina vipande vya bati nene chini ili isitoboe sakafu. Ghorofa ya chini sikuiwekea shelfu kabisa. Kompresa na mashine ya kuchomelea vinakaa juu ya vitoroli vifupi, kipande cha marini bodi na magurudumu manne, mawili yana breki. Unavuta, unafanya kazi, unasukuma ndani. Vitu vya kunyanyua kwa mikono, kama sanduku la spana, weka usawa wa kiuno. Juu kabisa weka nyaya, mipira, makopo ya rangi.

Kupima ni rahisi: pandisha mfuko wa saruji wa kilo 50 katikati ya shelfu uuache ulale hapo. Asubuhi ukikuta paipu imepinda, ongeza mguu wa katikati. Ukutani nimefunga bolti mbili tu, za kuizuia stendi isianguke mbele. Uzito wote unabebwa na sakafu.

Chuma Mboga:
Uza IST ununue bodaboda, nafasi itapatikana. Natania mkuu, nimekaa kusoma.

Dada wa Drili:
Kaka Mchomeleaji, kwa mashine nakubali, lakini ukuta usiudharau. Tatizo letu ni kwamba watu wanafunga kwenye lipu wakidhani wamefunga ukutani. Jirani yangu alifungiwa shelfu na fundi kwa skrubu fupi, jiliwa likashuka na shelfu yake mpaka kwenye boneti. Na tofali nyingi za mtaani saruji yake ni ya kunusa. Ukitoboa ukaona unatoka mchanga mtupu, hama.

Mimi nilitafuta lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Ile ni zege lenye nondo, bolti ya kutanuka inashika kweli. Nikafunga mbao za inchi mbili kwa nne zilizosimama, juu zimeshikwa na lenta, chini zinakanyaga sakafu. Juu ya mbao nikapigilia kipande cha wavu wa BRC kilichobaki kwenye ujenzi. Kulabu nakunja mwenyewe kwa nondo nyembamba. Greinda, drili, nyundo, misumeno, vyote viko hapo na havijachukua hata inchi 6 kutoka ukutani.

Mtu wa Pwani:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Huku baharini adui ni chumvi kabla ya nafasi. Chuma kikilala juu ya saruji kinapata kutu upande wa chini usiouona, kwa hiyo hata jeki iwekeeni ubao. Na hiyo kompresa msiisokomeze mahali ambapo mkono haufiki chini ya tangi. Kizibo cha kumwagia maji kipo huko chini, na maji yasipomwagwa tangi linaliwa kutu kwa ndani. Stendi ya ndugu Mchomeleaji ni nzuri kwa hilo, maana kompresa inatoka.

Mchomeleaji:
Umenikumbusha jambo. Mwenye mtungi wa asetilini (gesi ya kuchomelea) asiulaze chini ya shelfu eti nafasi ni ndogo. Gesi ile imeyeyushwa kwenye asetoni, ukiulaza asetoni inatoka pamoja na gesi. Usimame, ufungwe mnyororo. Na jenereta ikae mbali na unapopigia greinda. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kuifuata cheche.

Spana Kumi na Saba:
Nawashukuru sana. Nachukua stendi ya Mchomeleaji na wavu wa dada. Limebaki jiliwa. Benchi halina pa kukaa.

Mzee wa Nati:
Mwanangu, jiliwa halihitaji benchi. Chimba sakafu futi moja na nusu, simamisha kipande cha skwea paipu, mimina zege kuzunguka, mdomo uwe sawa na sakafu. Jiliwa lifunge juu ya skwea paipu ndogo inayoingia ndani ya ile. Ukiwa na kazi unachomeka, ukimaliza unachomoa unaegesha gari juu yake. Usitumie paipu ya duara, itazunguka ukikaza.

Dada wa Drili:
Shikamoo mzee. Shimo halijai maji na takataka?

Mzee wa Nati:
Marahaba mama. Chini usizibe kwa zege, acha kokoto maji yanywee. Juu kata kifuniko cha bati. Na kabla ya kumimina zege, fungua mlango wa dereva uone usije ukachimba shimo mahali unapokanyaga ukishuka.